Mguu Uliotupunguzia Bei ya Nyama

Mzee wetu wa Merrylands, mtaa wetu huku ughaibuni, amefariki. Ujumbe ulinifikia nikiwa dukani, katikati ya kubishania bei ya vitunguu. Nikamaliza kubisha kwanza, nikapunguziwa, ndipo nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi na kulia. Angenielewa. Ningelipa bei ya kwanza kwa sababu yake asingenisamehe.

Wasomaji wa safu hii mnamjua bila jina: yule mtu wa Tanga aliyechechemea mguu wa kushoto. Kila Jumamosi nilimsindikiza buchani, na sababu sitawaficha. Miaka ya themanini, akiwa mwanafunzi wa dini Karachi, alivuka mpaka kuingia Afghanistan kwenda kujitolea kupigana na Warusi, pamoja na Waarabu na vijana wa kila taifa. Akiulizwa mguu umepatwa na nini, alisema tu, "Huko Afghanistan," kisha akakohoa. Risasi tuliiongeza sisi wenyewe kwenye hadithi. Muuza nyama ndiye aliyeiweka kubwa kuliko wote: alimkatia paja kwa bei ya shingo, akamwongezea na maini ya bure. Mimi niliyesimama pembeni nikapata punguzo la rafiki wa shujaa. Nilipiga hesabu mara mbili: ule mguu ulikuwa mali.

Ikaja vita ya Syria. Mwanamume mmoja wa mtaa wa Quakers Hill, dereva wa forklifti, gari la kunyanyulia mizigo ghalani, mkewe mjamzito, akasema anakwenda kutetea wanyonge. Mama yake alilia, wakwe walimkemea, hakusikia. Jumamosi moja akatufuata buchani, watu wamejaa, akamwomba mzee dua ya safari. Tiketi ilikuwa tayari. Alisema kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote wa huku. Mzee alimjibu kwa Kiswahili, kisha akamgeukia muuza nyama, akarudia kwa Kiingereza ili naye asikie vizuri.

"Mwanangu, mguu huu nilipigwa teke na nyumbu."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akaeleza kwamba wenyeji waliwapokea kwa chai, wakawatazama, wakaona midomo ya kulisha. Hawakujua lugha, wala njia, wala baridi. Wenyeji walitaka kushinda warudi kwenye mashamba yao. Wageni wengi walitaka kufa haraka, na mtu wa namna hiyo, alisema, usimpe lindo. Yeye wakampa nyumbu wa kubebea unga, na nyumbu akaona mapema kwamba huyu hajui kazi. Mwenzake aliyetoka naye Karachi alizikwa na watu wasiojua jina lake. Warusi walipoondoka, wenyeji wakageuziana bunduki, na wageni waliobaki wakaulizwa wako upande gani.

"Mimi nimekula maini ya bure kwa teke la nyumbu," alimalizia. "Wewe unakwenda kumpa mkeo nini?"

Yule bwana akatoka. Hatukujua tumempata au tumempoteza. Muuza nyama akapima mzigo wetu, akataja bei kamili. Nikafungua mdomo kupatana, akanitazama tu. Mzee akalipa bila kubisha, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Tangu siku hiyo, msikitini hata kiti chake cha mbele kikawa cha yeyote aliyewahi.

Juzi makaburini, msemaji mmoja alianza kumsifu kuwa simba wa milimani. Mtu akakohoa nyuma yetu, kikohozi kile kile cha mzee. Nikageuka: dereva wa forklifti, binti yake amemshika mkono. Msemaji akahamia kwenye dua.

Nimewaza sana tangu hapo. Vita vya mbali hupendeza vikisimuliwa na mtu aliyekwisha kunufaika navyo, na wengi waliojitolea, popote pale, waliondoka na hadithi ya mtu mwingine mfukoni. Kama una hadithi inayokulisha, kula, sikukatazi. Lakini siku mtu atakapotaka kuifia, iuze hapo hapo, kwa hasara yoyote. Nimepatana bei maisha yangu yote na sijaona biashara kama ile ya buchani: mzee alitoa mguu wa shujaa, akarudishiwa mtu mzima, aliyekuja kulibeba jeneza lake kwa miguu yake miwili.