Safari Inayoanzia Nakuru

"Nani amekuambia mama yako anataka kupanda ndege?"

Mama mdogo aliniuliza hivyo jikoni kwake Thamesmead, London, bado amevaa sare ya hospitali. Nilikuwa na mkasi mkononi na kadi mbili za benki mezani, zote za kukusanya pointi za safari, zote zikikaribia kutozwa ada ya mwaka. Moja ilikuwa lazima iende.

Ya kwanza ndiyo waliyoisifia wote ofisini. Ukiitumia vya kutosha, unapewa tiketi ya mwenza: unalipa kiti chako kwa pointi, mwenzako anakaa bure. Mwaka mzima nililipia kwa kadi hiyo hata tiketi za ndege za wanachama wa chama chetu cha Wakenya wa hapa, wao wakinirudishia pesa, ili niende Kenya na nirudi na mama. Asubuhi hiyo nilipiga simu kuweka nafasi. Mhudumu akanieleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba safari ya mwenza lazima ianzie London.

Haikuwa imenipitia akilini. Kwetu safari huanzia nyumbani, na nyumbani ni Nakuru. Benki ilikuwa imeniamulia vingine.

"Shahada ya uzamili, na masharti hukusoma," mama mdogo alicheka. "Basi itumie, uende Dubai na mchumba."

"Mchumba gani?"

"Si ndiyo nakuuliza!"

Nikaikata mbele yake. Kazini waliniambia nimetupa kadi bora kuliko zote. Bora kwa nani? Kwa watu ambao mama zao wako vituo vichache tu kwa treni? Nilibaki na ile ya pili, isiyo na mbwembwe, ambayo pointi zake zinanunua kiti cha kutoka popote.

Nikampigia mama simu. "Mwanangu, kuku nitamwachia nani?" Mwaka uliofuata nikamwuliza tena, jibu likawa kuku walewale. Mama mdogo akasema nifunge kadi, niache kulipia ndoto. Nilikataa. Ningali nailipia ada, na sitamwomba mtu radhi kwa hilo.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba mama aliwahi kuomba viza aje kwenye mahafali yangu, akanyimwa, na kwamba barua ya mwaliko aliiandika mama mdogo huyohuyo, aliyejua yote siku ile jikoni.