Nyundo Juu ya Boriti

Fundi alibandua mabati manane juu ya chumba cha baba siku ya Jumatatu, kiangazi kilipokuwa kinakwisha. Vipande vya bomu lililoanguka kwa jirani vilikuwa vimeyatoboa, na mbao mbili zilikuwa zimeoza. Alikuwa Mkongo wa Uvira aliyehamia mtaa wa Bwiza, mwenye mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi. Saa tisa alikusanya vyombo vyake ili avuke vizuizi vya askari mapema. Mimi, kwa kujiona mjanja, nikamwambia aache nyundo, maana nilijua fundi hakai mbali na nyundo yake. Alinitazama, akapanda tena, akaitundika kwenye boriti, pale pale paa lilipokuwa wazi.

"Sasa umenifunga, mama," alisema.

Jumanne hakuja.

Baba alikuwa amepooza upande wa kulia. Alilala chali akitazama anga, na muuguzi alikwisha kutuonya kwamba kifua chake hakitahimili baridi nyingine. Sebuleni walijaa dada yangu na watoto wake saba, waliokimbia mapigano upande wa kaskazini wa mji. Tulifunika uwazi kwa nailoni. Upepo wa ziwani ukaichana siku ya pili. Mabati mapya yalikuwa yameegemea ukuta, mbao zipo, misumari ipo.

Kila asubuhi kutoka kwetu Kinanira nilimtumia fundi ujumbe kwa jirani aliyekuwa akiuza nguo Bwiza, na kila jioni nikapokea sababu. Barabara imefungwa: nikauliza watu wawili, ikawa kweli. Mtoto ana homa: nani angekanusha? Kulikuwa na risasi: zilikuwapo, tulizisikia sote. Ndilo lililonichosha. Wakati wa amani mwongo hukamatwa kwa uongo wake. Kwetu vita vilimpa kila mtu udhuru ambao nusu yake ilikuwa kweli.

Siku ya nane nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta kwenye kibaa cha pombe, ameketi mbele ya chupa. Akaniambia umeme umekatika mtaani kwake. Nikamuuliza nyundo yake inatumia umeme tangu lini. Wenzake wakacheka, naye akacheka nao.

"We mama unauliza kama polisi. Kesho asubui niko kwako. Si nyundo yangu iko kule?"

Kesho yake hakuja. Nikamtafuta fundi mwingine, mtu mzima wa mtaani kwetu, mpole, mwenye mfuko safi wa vyombo. Alimsalimia baba kwa heshima, akapanda ngazi, akachungulia. Akateremka bila kugusa kitu.

"Kazi hii iko na mwenyewe," alisema.

Nilimwambia mwenyewe hajaonekana siku tisa. Akajibu kwamba ameiona nyundo, na nyundo ya fundi ikitundikwa kazini, mwingine hagusi. Nikasema nitaitoa mimi. Akatikisa kichwa.

"Apana, mama. Aitoe yeye. Mi nikipiga musumari pale, kesho nani atanipa nafasi kwenye chantier, pale watu wanajenga?"

Nikamgeukia baba, kwa sababu alikuwa seremala miaka thelathini na neno lake mafundi walilisikiliza. Nilitaka amwamuru. Baba alisema polepole, kwa ile nusu ya mdomo iliyobaki, kwamba bwana huyu yuko sawa. Fundi akamshukuru, akachukua mfuko wake, akaenda.

Mvua ya kwanza ilishuka Alhamisi, saa nane mchana, kutoka milimani, bila hata ngurumo ya kuonya. Dada yangu alishika godoro upande wa miguu, mimi kichwani. Mlango ni mwembamba. Tulikwama hapo kidogo, na maji yakampiga baba usoni, akafumba macho kama anayenyolewa. Tulimlaza sebuleni kati ya watoto, tukambadilisha shati, tukamfunika kanga tatu. Akaanza kukohoa. Kilikuwa kile kikohozi tulichokiogopa, kutoka chini kabisa ya kifua.

Mvua ilipokatika aliniita. Niliinama nikidhani anataka maji ya moto.

"Nyundo imelowa?"

Nikasema ndiyo.

"Itashika kutu. Ya watu hiyo."

Nilipanda ngazi na kitambaa kikavu. Nikakifuta kichwa chake, nikaufuta mpini, nikaitundika tena pale pale fundi alipoiacha.