Siku Niliyotaja Bei ya Mtamba

Jirani yangu akifukiza uunsi Ijumaa, ule ubani wetu uliopikwa na sukari na manukato, mimi nasikia harufu ya mbuzi. Msinicheke. Hooyo, mama yangu, alilifukiza shuka la Aabo, baba yangu, kila siku ya soko, kisha Aabo akalitupia begani na kwenda kulishindisha vumbini katika soko la mifugo la Garissa. Jioni alirudi akinukia arusi upande mmoja na zizi upande wa pili.

Aabo alikuwa dalali. Aliuza ng'ombe wa watu tangu kabla sijazaliwa, na yeye mwenyewe hakuwahi kupita mbuzi wanne. Niliwahesabu mara mbili kila asubuhi, nikitumaini nimekosea.

Kwetu bei haikutamkwa. Dalali na mnunuzi walishikana mikono chini ya shuka, kidole kimoja elfu moja, mkono mzima elfu tano, huku midomo yao ikizungumzia mvua. Mnunuzi wa pili alingoja zamu yake bila kujua wa kwanza amefika wapi. Sisi watoto tulijua vidole kabla ya alifu. Aabo alipatana nasi hivyohivyo nani achote maji na mitungi mingapi, na mimi niliwahi kumshusha kutoka sita mpaka miwili.

Nilikuwa na miaka minane Eedo Halima alipoleta mtamba wake mwekundu. Alikuwa mjane wa Sangailu, si ndugu yetu, lakini kila mwanamke wa umri ule tulimwita eedo, shangazi. Alitaka kuezeka nyumba yake mabati kabla ya mvua. Mchinjaji mmoja wa mjini akaingiza mkono chini ya shuka la Aabo. Nilikuwa nimechuchumaa hapo, na kimo changu kilikomea pale shuka lilipokomea. Nikaviona vidole vyote. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Kisha, kwa fahari ya mtoto anayejua jibu darasani, nikapaza sauti:

"Aabo, amefika ishirini na tatu!"

Soko lilinyamaza; hata ng'ombe, naapa. Mchinjaji alichomoa mkono kama aliyeumwa na nge.

"Wallahi Bille, hii mtoto yako ni redio!"

"Na haina ya kuzima," mwingine akadakia.

Wakacheka, lakini hasara ilikuwa imeshaingia. Waliokuwa wakingoja zamu hawakukubali kupita ishirini na tatu, na Eedo Halima alitarajia zaidi. Aabo akamwambia, "Eedo, leo hauzwi. Atalala kwangu mpaka soko lijalo."

Wanunuzi wakampa sharti kabla hatujaondoka: msichana abaki nyumbani, nao watarudi kwake, akimleta, wasitazamiwe. Na dalali asiyepewa mkono ni mtu tu aliyebeba shuka.

Soko lililofuata Aabo alinishika mkono, tukaenda wote. Mpaka adhuhuri hakuna aliyetusogelea. Nilimhesabu mtamba mara mbili, alikuwa mmoja. Hatimaye Aabo akamwita yule mchinjaji.

"Unamtaka, macho yako yanasema. Njoo upatane na binti yangu."

Watu wakajaa kutazama kichekesho. Aabo akatufunika mikono, mimi na yule mchinjaji, na kiganja changu kikapotea ndani ya chake. Mchinjaji akanipa bei kwa vidole. Nikaipeleka kwa Eedo Halima, aliyekuwa ameketi kando ya soko, nikamshika vidole chini ya mtandio wake. Akakataa. Nikarudi. Njiani wanaume waliniinamia.

"Abaayo, dada yangu, ngapi? Nitakupa peremende."

"Mimi mbili!"

Niliuma ulimi mpaka machozi yakanilenga. Nilikwenda na kurudi mara nne. Safari ya nne Eedo Halima akakubali, akanifumba vidole vyangu ndani ya vyake, akaniombea dua ndefu kuliko ya Idi. Bei yenyewe sijamwambia mtu mpaka leo, na ninyi msijisumbue. Kabla ya alasiri wanunuzi wengine wawili walikuwa wamempa Aabo mikono yao, nami niko palepale miguuni pake.

Kwa miaka mingi niliamini Aabo alinichukua siku ile kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kuniangalia. Ndivyo alivyoniambia, nami sikuona sababu ya kuhesabu tena. Mwaka jana, tulipokuwa tukimkumbuka, Mungu amrehemu, nilimtajia Hooyo. Akanikodolea macho.

"Nani hakuwepo? Nilikuwa hapahapa. Nilimsihi akuache siku hiyo moja tu, wale watu warudi. Nikamtajia mpaka unga uliobaki. Akavaa viatu vyake."

Wangeniacha nyumbani, nisingelalamika. Ningecheza na mbuzi, na ningekua nikijua kwamba mahali pangu si sokoni. Aabo, aliyebishania bei hata ya kiberiti, kwa hilo hakutaka kupatana.