Kitenge cha Juu cha Rukiya

Rukiya wa Buyenzi, Bujumbura, ni rafiki yangu, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Ana miaka kumi na tisa akiwaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Uccle, Ubelgiji, na mkaidi kama yeye sijapata kumwona. Bintiye Amira alipoacha masomo ya uuguzi akafuata dansi, Rukiya alisema tu, "Kujigaragaza chini si kazi." Akashikilia hapo miaka sita. Hakwenda kumtazama hata mara moja.

Mwezi uliopita Amira alimletea tiketi mbili za onyesho lake mwenyewe, karibu na uwanja wa Flagey.

"Maman, mukuje. Mais mukae kimya, s'il te plaît. Huku batu habasimamake mu spectacle."

Rukiya akaapa kwamba hatainuka kitini onyesho likiendelea. Mimi, Kasoki, nikapewa kazi ya kumchunga.

Onyesho lilihusu Waafrika walioletwa Ubelgiji zamani, wakawekwa nyuma ya uzio ili watu waje kuwatazama. Wachezaji walisimama nyuma ya kamba, miguu mitupu, wakitukazia macho sisi tuliokuja kutazama. Kidogo kidogo bega likacheza, kisha goti, kisha mgongo mzima. Halafu Amira akaivuka kamba, akaanza kutembea kuja kwetu.

Kwetu, mtoto anayerudi na heshima kutoka mbali hakanyagi chini hivi hivi. Wanawake humtandikia vitenge. Nikamwona Rukiya anafungua fundo kiunoni.

"Ruki, kaa!" Nikamvuta nguo. "Uliapa!"

"Donc mutoto yangu apite chini vile?"

Akaenda mbele, akatandaza sakafuni kitenge chake cha juu, kile cha Idi, ukumbi mzima ukimtazama. Amira akasimama ghafla. Wenzake nao wakaganda. Nilijua kwamba akikipita pembeni, Rukiya hatakanyaga tena ukumbi wowote anaochezea mwanawe.

"Pita, maman," Rukiya akamwambia. Ndivyo tunavyowaita mabinti zetu tunapowapenda mno.

Amira akainua mguu, akaupangusa wayo kwa kiganja, kisha wa pili, ndipo akakanyaga. Yote yaliyobaki akayacheza juu ya kitenge kile.

Rukiya hakurudi kitini. Alibaki pale pembeni hadi mwisho, kidevu juu, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Nami najivunia kwamba nilishindwa kumzuia.