Waliokuja Kushukuru kwa Vyombo

Mimi niliishia darasa la saba, na daftari hili naandika kwa ajili yangu tu, kwa hiyo nikikosea mahali atakayesoma anisamehe. Jambo hili nimelianza mara tatu nikalifuta. Kila nikiliandika najikuta mimi ndiye mwenye haki, na sina hakika kama ndivyo ilivyokuwa.

Mke wangu alipatwa na kiharusi akiwa kibanjani kwetu Kishanda, anapunguza majani ya migomba. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikalala. Binti yetu, ambaye ni mwalimu, akamchukua kwake Kahororo ili awe karibu na mahali pa kufanyishwa mazoezi, na mimi nikawa mtu wa kwenda na kurudi. Baada ya miezi mingi daktari akatuita mimi na binti pembeni, akasema mkono ule hautarudi, na habari ya kuishi tena shamba tuisahau. Tukakubaliana tusimwambie. Yeye kila asubuhi alikuwa anauliza, "Tunarudi lini nyumbani?" Nami namjibu, "Ukipata nguvu."

Huku nyuma jiko letu lilikuwa linavuja. Panya walishatoboa nyungo, mchwa wakaanza kupanda kwenye kinu. Binti akaniambia, "Tata, vile vyombo unamtunzia nani? Wape watu wavitumie kabla havijaharibika." Siwezi kumtupia lawama. Aliniambia mara moja tu, na kesho yake mimi ndiye niliyepanda gari la Muleba.

Nilitaka kutenda haki. Niliwaita wanawake wanne waliokuwa wakipika naye kwenye misiba na harusi, wawili Wakatoliki na wawili Walutheri, isije ikasemwa nimependelea kanisa letu. Vyombo nikavipanga uani juu ya mkeka, kuanzia ile sufuria kubwa ya kupikia watu wa msiba hadi vikombe. Kila mmoja akachagua kwa zamu. Mmoja wao alisita, akaniuliza, "Baba, mwenyewe ameridhia?" Nikasema ndiyo. Neno hilo moja nimelifikiria sana. Sikulisema kwa ubaya, lakini lilikuwa uongo.

Kitu kimoja nilikificha. Kisu chake cha kumenyea ndizi, kilichonolewa miaka mingi hadi kikabaki chembamba, nilikifunga kwenye gazeti nikakitia mkobani. Sijui kwa nini.

Nilichosahau ni kitu ambacho kwetu hata mtoto anakijua. Mtu akipewa kitu cha maana, asante ya pale pale haitoshi. Hurudi siku nyingine kushukuru, amebeba chochote alicho nacho, na anayemshukuru ni mwenye kitu. Mwenye vyombo vya jikoni si mwanamume.

Walikuja Kahororo Jumamosi moja, wote wanne, wamevaa nguo za kanisani, wana mkungu wa ndizi na kikopo cha senene wa kukaanga. Mimi nilikuwa namnywesha mke wangu uji. Wakamsalimu, wakakaa mkekani kando ya kitanda, na mkubwa wao akasema kwa heshima ya Kihaya, "Waitu mama, tumekuja kushukuru. Ile sufuria tumeshaipikia msiba mmoja, haina shida."

Mke wangu aliniangalia. Siku hizi maneno yake yanatoka polepole, upande mmoja wa mdomo. "Sufuria gani?"

Yule aliyeniuliza swali kule uani alikuwa anaangalia mikono yake.

"Vyombo vyako," nikasema. "Nimevigawa."

"Vyote?"

"Vyote."

Nilitegemea atalia, au atanitukana, na angekuwa na haki. Badala yake akaanza kuuliza kimoja kimoja kimekwenda kwa nani. "Sufuria umempa huyu? Huyu anaunguza hata maji."

Wakacheka, na aliyesemwa akacheka zaidi. "Mama, siku hizi nimejifunza, naunguza nusu tu." Na mimi nikacheka. Nikadhani labda limekwisha vizuri.

"Na vikombe?"

Vikombe vilikuwa kwa yule mdogo wao. "Ninavyo, mama. Ni sita, ila viwili vimekatika mikono."

Mke wangu akanigeukia. "Umemwonea."

Nikamwambia kila mtu alichagua kwa zamu.

"Na wa mwisho alikuwa nani?"

Alikuwa huyo huyo mdogo. Katika haki yangu yote hilo sikuliona.

Hapo ndipo nikatoa kisu mkobani. Nilidhani nitamfurahisha, au nilidhani nitajiokoa, hadi leo sijajua ni lipi. Nikakifungua kwenye gazeti, nikakiweka katika mkono wake wa kushoto. "Hiki nilikuwekea. Ukirudi ukikute."

Alipitisha kidole gumba kwenye makali. Kilikuwa bado kinakata.

"Mzee," akasema, "ningekuwa narudi usingegawa."

Kisha akamnyooshea yule mdogo wao kisu. "Chukua. Kifidie vile vikombe." Yule alikataa mara mbili. Mara ya tatu akapiga magoti, akakipokea kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo anakula, na mguu anaunyoosha akiambiwa. Ila hajauliza tena tunarudi lini. Asubuhi nampelekea uji, nakaa pale na jibu langu la ukipata nguvu, na hakuna anayelitaka. Binti anasema ni afadhali hivi, mama ametulia. Pengine ana haki. Yeye ndiye anayelala naye chumba kimoja, anamjua kuliko mimi sasa.

Jumamosi iliyopita yule mdogo wao alirudi, safari hii peke yake, kushukuru kwa kisu. Mke wangu akamuuliza kama kinamenya.

"Kinamenya vizuri, mama."

"Haya," akasema, akageukia ukutani.