Mtani Wangu wa Mradi

Hadi leo sipendi kutaniwa. Wajukuu wanasema babu ana roho ngumu. Na waseme.

Katikati ya miaka ya themanini chuo kilitupeleka Nachingwea wanafunzi watatu wa kompyuta, tukafanye mradi wetu wa mwisho katika shirika moja lililonunua korosho na ufuta. Korosho zilikuwa zikilowa mvua vituoni huku malori yakizunguka ovyo. Kazi yetu ilikuwa kuandika programu ya kupanga lori lipi liende wapi kwanza. Kompyuta yenyewe ilikuwa makao makuu, Dar es Salaam. Sisi tuliandika kwa penseli, tukatuma huko, wakatoboa kadi za kuilisha kompyuta, na majibu yakaturudia yamejaa makosa yetu. Meneja alikwisha kutuambia kwamba atakayefanya vizuri zaidi ataajiriwa kwenye chumba kile cha kompyuta. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote.

Wenzangu walikuwa dada mmoja mpole kutoka Moshi na kijana wa Songea. Huyo alikuwa Mngoni na mimi Mmwera wa Ruangwa, yaani watani tangu mababu zetu walipopigana. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya, hata kukulilia msiba ungali hai, na wewe ukikasirika basi umeshindwa. Ila mtani hakaribishwi kwa adabu; ukimwita mgeni, umeukata utani. Tulizoeana siku ile ile.

Sehemu ngumu, ya kuchagua njia, niliiandika mimi. Nilizijua barabara za Mandawa na Nambilanje, nilijua mto upi ukijaa lori linalala hapo hapo. Jioni nilimfundisha mtani mstari kwa mstari. Mchana yeye aliwatangazia makarani, "Huyu Mmwera nimemleta anipikie ugali tu. Programu naandika mwenyewe."

Makarani walicheka. Nami nilijibu, "Kweli, bwana mkubwa, na leo nitauunguza makusudi." Meneja, mtu wa Bukoba asiyeujua utani wetu, alikuwa akipita na kutabasamu.

Siku ya kuwasilisha mradi mhadhiri wetu akaja kutoka Dar. Akauliza nani aliandika sehemu ya njia. Mtani akasimama.

"Mimi. Huyu alikuwa mpishi wetu."

Chumba kizima kikacheka. Nikacheka na mimi, mjinga wa watu! Nilikuwa nangoja amalizie, maana mtani akishakuvua nguo hukurudishia. Hakurudisha. Alifungua makaratasi yangu akaanza kueleza, na kila swali alilijibu vizuri, vile vile nilivyomfundisha.

Nilipoinua mkono kupinga, meneja alishangaa. "Kijana, si wewe uliyekuwa ukikubali kila siku mbele ya makarani wangu?"

Nikamgeukia dada wa Moshi. Akainamisha kichwa. Baadaye aliniambia, "Nyie ni watani, kaka. Ningeanzaje kuingia katikati yenu?"

Nafasi akapata mtani. Niliumia, nasema wazi. Mtu alinizunguka mchana kweupe, na mimi nimekaa pale namchekea.

Alipokuwa safarini kwenda Dar kuanza kazi alipitia nyumbani kwetu Ruangwa kuaga. Mama nilikuwa nimeshamsimulia yote, nikitegemea walau pole. Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mngoni amekuweza!" Sasa alipomwona mlangoni akamchinjia kuku.

Tulikaa kula, mama pembeni yetu. Firigisi aliniwekea mimi, kwa kuwa baba alikwisha fariki na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale. Mtani akanyoosha mkono, akaichukua kwenye sahani yangu, akaitia mdomoni. Ni haki ya mtani, hakuna anayeikataa. Mama akaangua kicheko, akanitazama, akingoja nijibu mapigo.

Nikamsogezea sahani nzima. Nikamkaribisha kwa adabu zote, kama mtu niliyekutana naye stendi.

"Karibu, mgeni wetu. Kula ushibe, safari yako ni ndefu."

Kicheko cha mama kikakatika. Mtani akaacha kutafuna.