Betiravi za Mama Mkwe

Jamani, mkasa huu huwa sipendi kuuhadithia, maana kila nikiufikisha mwisho watu wanacheka na mimi nazidi kukasirika, lakini kwa kuwa mke wangu keshawasimulia upande wake (na upande wake siku zote ni mtamu), basi nisikilizeni na mimi niliyeaibika.

Nilitoka kwetu Marodoka, Nosy Be, nikaenda kuoa Mahajanga, mtaa wa Tsaramandroso, kwa Wakomoro wenzetu, miaka ile bendera mpya ya Wamalagasi haijapauka bado. Desturi yetu mnaijua: bwana harusi anaingia nyumbani kwa mke, anakaa ndani wiki nzima, hatoki hata barazani, na kila sahani anayoletewa ni heshima, akiirudisha kawatukana wenye nyumba. Sasa mimi ndio kwanza nilikuwa nimetoka kwenye homa, nimekonda, kanzu inanipwaya, na mama mkwe kuniona tu akasema, "Huyu hana damu." Basi zikaanza betiravi, kile kiazi chekundu kinachopaka rangi kila kinachokigusa: asubuhi za kuchemsha, mchana kachumbari yake, usiku mchuzi wake. Nikala. Ningefanyaje?

Ijumaa, karibu na adhuhuri, naingia chooni, natazama chini, nyekundu! Wallahi, nikajua ni damu. Nikasahau desturi, nikasahau viatu, nikatoka mbio na joho langu la harusi mpaka njiani, wanaume wote wa mtaa wanakwenda msikitini, na mimi napiga kelele, "Nimelishwa sumu! Mama mkwe ananiua!" (Baba mkwe alikuwa mstari wa mbele, na tasbihi yake mkononi.)

Pale zahanati, huku nusu ya mtaa imejazana mlangoni, muuguzi, mama mmoja wa Kimalagasi, akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Bwana, kiazi hicho kizuri kwa mwili, ila wengine rangi yake hutoka na mkojo, hata na choo. Si damu hiyo. Kunywa maji, na usile kingi hivyo."

Kicheko kilichopigwa pale nakisikia mpaka leo!

Kurudi, mlango umefungwa. Mke wangu akasema kwa ndani, "Mama akikusamehe, nimekusamehe. Asipokusamehe, rudi kwenu Nosy Be." Nikasimama pale na joho langu, nikajua ndoa inaniponyoka. Mama mkwe akatoka na sahani, akaiweka barazani mbele ya watu wote. Betiravi.

"Kula," akasema.

Nikala yote, machozi ya hasira yananitoka, kanzu yangu nyeupe ikatapakaa wekundu, na mlango ukafunguliwa.

Mnadhani yaliishia hapo? Usiku baba mkwe akaninong'oneza kwamba hata yeye, wiki yake ya harusi, yalimkuta yale yale, "ila mimi nilinyamaza." Alinyamaza! Kumbe alijua, na bado alinitazama nikiletewa sahani baada ya sahani, hakufungua kinywa! Sasa nina binti wa kuozwa, na naapa mbele yenu: mkwe wangu nitamwambia pale pale mlangoni, kabla hajavua viatu.